Matope ya Hombolo

Tangu Jumamosi nimekuwa nikiyasikia maneno ya Baba Mdogo hata ninapoosha vyombo. Hakuyasema kwa ukali; pengine angekuwa mkali yangenitoka mapema. Tulikuwa tumesimama kwenye ukingo wa bwawa la Hombolo, chini ya shamba lake la zabibu, yeye akinionyesha mahali anapotaka kuishusha bustani yake ya nyanya, mimi nikiwa na darubini shingoni.

“Unatazama nini huko, mwanangu?”

“Ndege, Baba.”

Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kwa muda. “Hao hata kwa mboga hawatoshi. Na hapo hakuna kitu, ni matope matupu.” Kisha akaendelea na habari za pampu.

Sikumjibu, kwa kuwa vibarua wake walikuwa karibu na mimi simbishii Baba Mdogo mbele ya watu. Wiki hii Neema amevishwa pete, ofisi yetu imemaliza kuhamia Mtumba na Eliya ameng’oka jino lake la kwanza, lakini kila ninapotulia ninajikuta nimerudi kwenye ukingo ule, nikiyapanga upya majibu ambayo ningempa.

Ningemwambia kwanza kwamba matope yale hayakuwepo mwezi wa sita. Huku kwetu mvua ina msimu mmoja, na ikishakatika bwawa huanza kushuka taratibu, likiacha nyuma yake utepe mpya wa tope bichi lenye mabuu ya wadudu, minyoo na konokono wadogo ambao maji yalikuwa yamewafunika. Ukingo unaohama namna hiyo ndio chakula chenyewe. Ndege wa ukingoni hawali bwawa zima. Hula pale tu ambapo maji na nchi kavu vinakutana, na wakati wa kiangazi mahali hapo husogea kila siku.

Kisha ningemwomba atazame midomo. Kitwitwi ana mdomo mfupi na macho makubwa, naye huwinda kwa kuona: hukimbia hatua chache, husimama ghafla, hudonoa, hukimbia tena, na hata usiku huendelea kula. Wengi wa ukoo wa chekeamwezi, ndege wengine wa ukingoni, hasa wenye midomo mirefu, huwinda kwa mguso, kwa sababu ncha ya mdomo imejaa neva zinazotambua kilichomo ndani ya tope bila jicho kukiona, na baadhi yao huweza kuifungua ncha hiyo peke yake chini ya udongo ili wamnase mnyoo. Yule mweusi kwa mweupe mwenye miguu mirefu myekundu huingia katika maji ambayo wengine wasingeweza kusimama, akaokota wadudu juu ya maji. Kwa hiyo ndege wa aina nyingi hushiba katika eneo dogo bila kunyang’anyana sana, kila mmoja akila kwa kina chake. Mahali penye mgawanyo wa namna hiyo mtu anapaitaje patupu?

Na wale wadogo wa kijivu, ambao aliwatazama kwa muda mrefu kuliko wengine, kwa kawaida hawafiki hata gramu 40. Huzaliwa katika nyika za baridi za kaskazini kabisa mwa Urusi na Skandinavia, Juni au Julai, na wazazi huanza safari ya kusini kabla ya watoto. Vijana hufuata baadaye, katika njia ambayo hawajawahi kuipita, na Oktoba kama hii wengine wao huwa tayari wako huku Afrika Mashariki. Kabla ya kurudi kaskazini, kati ya Machi na Mei, lazima wajaze mafuta mwilini kwa ajili ya safari, na mafuta hayo hayatoki kwingine ila kwenye tope kama lile. Watu wa Dodoma tunapanda basi hadi Singida kuwapiga picha heroe, yaani flamingo, wa ziwa Singidani, na ni haki yao kutazamwa, lakini inaniuma kwamba ndege aliyevuka mabara na kutua jirani na mji wetu hupimwa kwa sufuria.

Nilikuwa nimefika hapo, nikiwa na uchungu wa kutosha kuandika mengi zaidi, ndipo Jumatano usiku likanirudia jambo jingine alilolisema tulipokuwa tukipanda kurudi nyumbani. Alikuwa ameshika fimbo yake, akaielekeza kwenye uwanda mkavu juu ya tope, akasema, “Wale wanaozika mayai yao ndio waliokuwa wakitusumbua tulipochunga. Ukiona kifusi kidogo chenye alama za kucha, unazungusha ng’ombe.”

Wanaozika mayai! Huyo ni kitwitwi wa Kittlitz, mdogo, mwenye utepe mweusi unaopita kwenye jicho na kushuka shingoni, ambaye hutaga katika kishimo kisicho na kitu, juu ya ardhi tupu karibu na maji. Akishtuliwa hainuki mara moja; huyapigia mayai udongo kwa miguu yote miwili, huku na huku, hadi yasionekane, ndipo akimbie, na hatari ikipita hurudi kuyafukua. Udongo ule huyaficha yasionwe na maadui, na pia huyakinga na jua. Mimi nilijifunza hayo katika vitabu, na kiota chenyewe sijawahi kukiona. Baba Mdogo aliyajua akiwa mtoto nyuma ya ng’ombe, miaka ya 1960, bwawa likiwa bado jipya, naye na wenzake walikuwa wakizungusha kundi zima kwa ajili ya mayai ambayo hakuna aliyewaambia wayatunze. Tangu usiku huo nimekuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri kwa Baba Eliya.

Jumapili nitakwenda kwake, na sitaanza na midomo wala Skandinavia. Nitamwomba anionyeshe kifusi. Halafu nitazungumza naye kuhusu mita 60 ambazo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka ziachwe kati ya ukingo wa bwawa na shughuli za watu, na kuhusu dawa za nyanya, kwa kuwa dawa inayoua wadudu wa majani ikishuka majini huua na mabuu yaliyomo topeni. Bustani inaweza kukaa juu, karibu na zabibu, kwa kuongeza urefu wa mpira wa pampu, na gharama ya mpira nimekwisha kuiulizia pale sokoni Majengo. Nusu yake nitaitoa mimi.

Ila kesho yake, Jumatatu asubuhi, nilikuwa nimpeleke Mama kliniki ya macho, na leo amepiga simu kusema kwamba ameahirisha tena. Nilipomuuliza sababu alianza kunieleza habari za kuku wake.