Jumamosi yangu bandani: boneti ya ndege na vifungo vya robo mzunguko

Saa 1:00 asubuhi. Oktoba hapa Ohio baridi imeshapiga hodi, na epoksi haikauki vizuri kwenye baridi. Nikifungua banda nawasha hita kwanza, chai baadaye. Ndege yenyewe ni RV-7, ya kujiundia. Vifaa vyake vinatoka Van's Aircraft kule Oregon. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mtu anayeunda kwa kujifunza au kujifurahisha. Mke wangu anadai nusu hiyo kaifanya yeye, kwa kuvumilia.

Saa 2:00. Shemeji anaingia na maandazi. Ni fundi wa magari, kwa hiyo boneti ya faiba yenye vipande viwili, cha juu na cha chini, inamchekesha.

"Shem, sasa hii inafungwaje?"

Michoro ya kiwanda inaweka bawaba ndefu pande zote, unasukumia waya katikati mpaka vipande vishikane. Ni nyepesi na inapendeza. Shida ni mtetemo: vijicho vya bawaba kule chini, hewa ya moto inapotokea, vina sifa mbaya ya kukatika. Nao ule waya wa juu unaopinda kufuata mwili wa ndege, kuuingiza ni kutokwa jasho. Mimi pembeni nimebakiza bawaba, maana pale waya umenyooka na hausumbui. Kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na rubani ndipo naweka vifungo vya Camloc. Unasukuma kwa bisibisi, unazungusha robo, basi. Mtangulizi wao ni kifungo cha Dzus, kazi ya William Dzus, mhamiaji kutoka Ukraine aliyeishi New York.

Saa 3:00. Kupanga. Hapa ndipo siku inapoliwa. Kati ya boneti na kofia ya pangaboi naacha kama milimita 6, zisije zikasuguana injini ikitikisika. Halafu boneti naishusha kidogo, milimita 2 hivi chini ya kofia.

"Mbona imekaa chini?" Shemeji ameinama, jicho moja kalifumba.

"Injini imekalia raba, shem. Ikizoea uzito italala, na kofia itashuka nayo."

Tunaweka vijiti vya mbao, tunatoa, tunapiga tupa, tunarudisha. Ukingo wa faiba unapigwa msasa kidogo kidogo, ukishakula umekula. Barakoa usoni, mikono mirefu, maana vumbi la faiba likiingia shingoni utajikuna mpaka Jumatatu.

Saa 6:00. Matundu. Vikombe vya kupokelea vifungo vimeshapigwa ribiti kwenye ulimi wa bati, kila kimoja umbali wa sentimita 9 hivi na mwenzake. Boneti ikikaa juu yake huvioni tena. Dawa yake ni vipande vya plastiki angavu: unavibandika kwa tepu kwenye mwili wa ndege, unachora katikati ya kila kikombe, unavikunja nyuma, unavalisha boneti, kisha unavirudisha juu yake. Alama zinajionyesha zenyewe. Tunaanza katikati juu, halafu moja kulia, moja kushoto, ili faiba isisogee upande mmoja. Kwanza kitundu chembamba, na kila kikitoboka kinashikiliwa kwa klipu ya muda kabla ya kwenda kwa jirani yake.

Saa 8:00. Wali na maharage, tumesimama.

Saa 8:30. Sasa kupanua, kwa biti ya ngazi, ile inayonenepa hatua kwa hatua. Tepu ya karatasi juu, kipande cha ubao nyuma, mzunguko wa polepole. Ukikimbiza, faiba inachanika upande wa pili. Kingo za kila tundu nazipaka epoksi, kwa sababu faiba mbichi inanyonya mafuta ya injini kama sponji.

Saa 11:00. Epoksi imeshikana, pete zinaingia, na vifungo ndani yake. Unene wa boneti haulingani kila mahali, kwa hiyo urefu wa kifungo unachaguliwa tundu kwa tundu. Namba moja hadi nyingine ni tofauti ya milimita 0.76. Kirefu mno kinacheza. Kifupi kinagoma kushika. Shemeji ana mkono mzuri kwenye hili: anasikiliza mlio, "tak", anasema hicho hapana, lete namba ya juu yake.

Saa 12:15 jioni. Nafungua safu yote ya juu, navuta waya wa pembeni, kipande cha juu kinatoka mzima mzima. Kwangu hiyo ndiyo faida. Kile kidirisha kidogo cha mafuta kinakuonyesha kijiti cha kupimia tu. Boneti ikitoka unaona bomba la moshi lenye ufa, waya uliolegea, tone la mafuta chini ya silinda, tena kabla ya kupaa.

Shemeji anauliza tunaruka lini. Bado karatasi ya kuzuia joto ndani ya kipande cha chini, bado rangi, bado mkaguzi. Halafu saa 25 za majaribio peke yangu, au 40, kutegemea injini na pangaboi.

"Basi maandazi ya wiki ijayo lete wewe," akasema, akaenda kunawa.