Akili mnemba na daftari la kahawa

Mazungumzo mengi kuhusu akili mnemba (AI) hapa Moshi huanzia kwenye ajira zitakazopotea. Mimi naona kitakachobadilika mapema zaidi ni uongozi wenyewe: nani anaamua, kwa kumbukumbu zipi, na nani atakayeulizwa.

Nichukue vyama vya msingi vya ushirika, kwa kuwa mji huu umekua kwa kahawa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933. Mkulima akifikisha kahawa yake iliyokaushwa, karani huipima, huandika kilo daftarini na kumkatia risiti. Hulipwa malipo ya awali, na malipo ya pili husubiri mauzo. Kujumlisha kurasa hizo kwa mkono humchukua meneja muda mrefu, ilhali programu ya simu yenye akili mnemba inaweza kuzisoma kwa picha na kumpa jumla papo hapo, kumsaidia kufuatilia soko la New York linaloongoza bei ya kahawa ya arabika, na hata kumwandalia barua kwa mnunuzi wa nje. Kwa chama kisichomudu kumwajiri mhasibu, hiyo ni nafuu kubwa na sioni sababu ya kuichelewesha.

Lakini aliyewahi kulifungua daftari kama hilo anajua kilichomo: akina Mushi na akina Massawe wamejaa ukurasa mzima, wengine herufi za kwanza za majina yao zinafanana, saba imeandikwa kama moja, na kilo zimekatwa zikaandikwa upya pembeni kwa sababu mzigo ulirudishwa ukaanikwe tena. Karani anawajua watu wake. Mashine itakisia, na makisio yake yatachapwa vizuri kiasi kwamba hakuna atakayeyatilia shaka. Mzee aliyepunjwa atamwendea nani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mtambo peke yake. Haki hiyo inaweza kumhusu pia mama wa soko la Mbuyuni anayenyimwa mkopo kwenye simu bila kuelezwa sababu.

Kwa hiyo ningependa bodi za vyama ziamue mapema, kabla ya msimu: jumla yoyote iliyotolewa na mashine ibandikwe ukutani ofisini kabla ya malipo, kila mkulima ailinganishe na risiti yake, na meneja aweke saini yake chini baada ya malalamiko yote kusikilizwa.