Mradi wa 286: chipu ya ROM niliyoianika juani Nkuhungu

Julai 12. Mazabodi hii ya 286, yaani bodi kuu ya kompyuta ya zamani yenye prosesa ya Intel 80286, nilipewa na mjomba. Kwake ilitundikwa ukutani karibu na dirisha kwa miaka mingi. Ukiiwasha, feni inazunguka, ila spika iko kimya na skrini giza. RAM (kumbukumbu ya muda) nimebadilisha, kapasita nimepima, hamna kitu. Ndipo nikazitazama chipu mbili za ROM, kumbukumbu inayobaki hata umeme ukizimwa. Moja ina stika yake. Ya pili stika imebanduka, kidirisha chake kiko wazi. Ukikiinamisha kwenye mwanga unaiona silikoni ndani, kipande kidogo kama punje ya mtama, na nyuzi nyembamba kuliko unywele zikitoka pembeni.

Hapa ndipo moyo wa mradi ulipo. Prosesa ikipata umeme haijui diski ni nini wala kibodi ni nini, na RAM wakati huo ina takataka tu. 286 inakwenda moja kwa moja kwenye baiti 16 za mwisho za anwani zake, na hapo lazima ikute amri iliyokuwepo tangu kabla umeme haujawashwa. Ni ROM peke yake inayoweza kuitunza.

Julai 13. Nimezisoma zote mbili. 286 huchota baiti mbili kwa mpigo, kwa hiyo chipu moja imebeba baiti za anwani shufwa na nyingine za witiri. Neno KEYBOARD nimelikuta limepasuliwa: huku KYOR, kule EBAD. Nimelitazama muda mrefu.

Amri ya kwanza ya mashine za ukoo wa IBM PC aghalabu ni baiti tano, EA 5B E0 00 F0 kwa namba za msingi wa 16, yaani ruka uende anwani F000:E05B. Chipu ya witiri ina 5B na 00 mahali pake. Ya shufwa, penye EA, imetoa FA. Nikasoma tena: EA. Mara ya tatu: FA. Biti moja tu, 0 iliyoanza kugeuka 1. Lakini FA ni amri ya kuzuia vikatizi, hairuki popote, kwa hiyo prosesa inaendelea mbele na kuila anwani kana kwamba ni amri.

Hizi ni EPROM, ROM inayoweza kufutwa na kuandikwa upya, aina aliyoibuni Dov Frohman wa Intel mwaka 1971. Sifuri huandikwa kwa kunasa elektroni ndani ya geti lililozungukwa na kihami, na mwanga wa urujuanimno huzipa nguvu ya kutoroka. Dirisha la mjomba limezitorosha polepole.

Nimepata nakala ya BIOS hiyohiyo, yaani programu ya kuwashia iliyomo kwenye chipu hizi. Nusu yake ya witiri inalingana na chipu yangu nzima, baiti zote 32,768. Kwa hiyo naifuta ya shufwa na kuiandika upya.

Julai 14. Taa ya kufutia humaliza kwa dakika 15 hadi 20, nami sina. Karatasi ya watengenezaji inasema jua la moja kwa moja huchukua kama wiki. Kioo cha dirisha hupunguza urujuanimno, kwa hiyo nimeitoa nje kabisa, pini zikiwa zimefungwa foili. Bibi wa jirani alikuwa anaanika mlenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unaanika nini mjukuu wangu?"

"Kumbukumbu ya kompyuta, bibi. Nataka isahau."

"Basi ilete huku, kivuli hakifiki mpaka saa kumi."

Imekaa pembeni ya ungo wake.

Julai 17. Bado. Baiti nyingi hazijawa FF, yaani biti zote 1.

Julai 21. Zote FF! Nimeirudisha juani siku mbili zaidi, maana seli iliyo ukingoni husoma 1 leo na kesho ikarudi 0.

Julai 23. Nimeichoma kwa volti 12 na ushei, nikaihakiki mara tatu, nikafunika kidirisha kwa utepe mweusi kabla sijaitoa kwenye soketi. Anwani 7FF8 ya chipu, pale penye amri ya kwanza: EA, EA, EA.

Nikawasha. Sekunde kadhaa, kisha mlio mmoja mfupi. RAM ikaanza kuhesabiwa kona ya juu, ikafika 640, ikasimama. Kibodi sikuwa nimechomeka, ile ya plagi nene ya pini tano bado naitafuta. Chini yake yakatokea maneno yaliyoungana: KEYBOARD ERROR.