Nilivyobadilisha betri ya pikipiki barazani kwangu, Sahare, Tanga

Kwa muda wa wiki mbili pikipiki yangu ilikuwa ikinipa dalili nilizozipuuza: honi ilikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua, indiketa zilififia kila nilipokanyaga breki, na asubuhi moja nilipobonyeza stata nilisikia mlio mdogo wa tiki-tiki bila injini kugeuka. Nilipiga kiki, ikawaka, nikaenda zangu kazini Ngamiani, kama wafanyavyo wengi wetu tunaoamini kwamba maadamu kiki ipo, betri si kitu.

Jioni niliichaji usiku kucha, na asubuhi, baada ya kuiacha itulie, mita ikasoma volti 10.6. Betri ya pikipiki ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei, ndiyo maana ikiwa nzima na imejaa husoma baina ya 12.6 na 12.8. Hesabu ikipungua volti 2 hivi hata baada ya kuchaji, ni dalili kwamba chumba kimoja kimekufa na hakuna chaji itakayokifufua.

Kilichoniuma ni kwamba betri ile ilikuwa na miezi minane tu. Nilikumbuka siku niliyoinunua: kijana wa dukani aliijaza tindikali, akagonga kifuniko na kuipachika dakika ileile, nami nikamshukuru kwa wepesi wake. Sasa naamini wepesi ule ulichangia kuiua. Betri inayouzwa ikiwa tupu, pamoja na chupa yake ya tindikali, haijai kwa kumiminiwa tu. Hufikia takriban asilimia 80, na usipoichaji kabla ya kuianzisha kazi, huenda isiifikie kamwe nguvu yake kamili. Safari za mjini, za kuwasha na kuzima, haziwezi kuifidia.

Kwa hiyo safari hii nilinunua betri ya ampea-saa 7 na chupa yake, nikakataa kujaziwa, nikaja nayo nyumbani. Dukani huiita betri kavu, ingawa ndani yake mna tindikali kama zile za maji. Tofauti ni kwamba hii ikishafungwa haifunguliwi tena kuongezwa maji.

Nilivaa glavu na miwani, nikaweka ndoo ya maji karibu, nikaipindua chupa yenye midomo sita juu ya matundu sita ya betri na kuiacha tindikali ishuke yenyewe huku mapovu yakipanda. Nilipohakikisha kila mdomo umekwisha, niliiacha betri ikae saa nzima ili tindikali ipenye vizuri, kisha nikaichaji kwa chaja ndogo isiyozidi ampea 0.7, yaani sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Chaja kubwa ya gari ingeichemsha. Kazi hii nilifanyia barazani kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka, na hapo ndipo jirani yangu alipotokea na sigara yake.

“Shikamoo mzee. Naomba sigara ibaki ng'ambo ya ukuta.”

“Marahaba. Tangu lini betri ikachukia sigara?”

Nilimweleza, akaizima, akakaa nami mpaka mwisho.

Kuitoa ya zamani ni kazi ya spana namba 10 na bisibisi, lakini mpangilio wake hauna mjadala: waya wa hasi hutangulia kufunguliwa. Bodi ya pikipiki imeunganishwa na hasi, kwa hiyo ukianza na chanya halafu spana ikagusa chuma, umeme wote hupita kwenye spana, na cheche zake huweza kuunguza mkono. Wakati wa kufunga, chanya huanza na hasi humalizia. Mimi nilizingatia hayo yote, kisha nikaiangusha nati ndogo ndani ya fremu na kuitafuta robo saa. Baadaye mzee alinishauri nisukumie kipande cha sponji chini ya nati ili isididimie nikiwa nashika bolti, ushauri ambao ningeufurahia zaidi kama ungetangulia.

Sisi tunaokaa karibu na bahari tuna mzigo wa ziada. Ncha za waya zilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe, na ukoko huo huzuia umeme kama kutu. Nilizilowesha ncha hizo katika magadi soda na maji, mbali na betri mpya, nikazisugua kwa mswaki wa zamani, nikazikausha, na baada ya kukaza nikapaka mafuta ya mgando.

Nilibonyeza stata, injini ikaitika mara moja. Nikapima tena ikiwa inanguruma kwa kasi ya wastani: volti 14.2. Hapo nikatulia, kwa sababu chini ya 13 ingekuwa na maana kwamba mfumo hauchaji, na juu ya 15 ningelazimika kubadilisha rektifaya, kifaa kinachodhibiti umeme unaoichaji betri, kabla haijaichemsha betri hii pia. Ile ya zamani, iliyojaa madini ya risasi na tindikali, sikuitupa jalalani. Niliifunga wima ndani ya ndoo na kumpelekea mnunuzi wa vyuma chakavu, mzee akiwa ameketi nyuma yangu kwa kisingizio cha kuijaribu betri.