Siku moja maishani mwangu: mochwari ya Kasese, magharibi mwa Uganda, Oktoba 2022

Saa 12:30 asubuhi. Kabla ya kusalimia mtu nachanganya klorini. Jik ya dukani ni ya asilimia 3.5, kwa hiyo kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji kinanipa asilimia 0.5, ya meza, sakafu na gambuti. Ya mikono naipunguza mara kumi. Iliyobaki jana namwaga, imeshapoa nguvu.

Ebola ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba. Huku kwetu hakuna aliyethibitishwa, lakini kila aliyekufa na homa tunamhesabu wa hatari mpaka maabara ya Entebbe iseme. Na chanjo tuliyochomwa mwaka 2019, ugonjwa ulipovuka kutoka Kongo, ni ya virusi vya aina ya Zaire. Hivi vya sasa ni vya aina ya Sudan, haitukingi. Tumebaki na glovu zetu.

Saa 2. Majibu yamefika. Kijana aliyeletwa juzi, homa ndefu, tumbo limevimba, choo cha damu: hana Ebola, hana Marburg, hana homa ya Krimea-Kongo wala ya Bonde la Ufa. Wenzangu wanashangilia. Jibu lenyewe naliamini. Mgonjwa aliye hai akipimwa mapema, kabla ya saa 72 tangu dalili zianze, hupimwa tena. Lakini aliyeuawa na Ebola huwa na virusi vingi mno, kijiti cha pamba kinywani hakivikosi.

Ila baba yake yuko nje, mzee wa duka pale Mpondwe, mpakani na Kongo. Ananiita musawo, yaani mganga.

"Musawo, kama si Ebola, mwanangu ameuawa na nini?"

"Shikamoo mzee. Bado hatujui."

"Basi nipeni nikazike."

Ana haki. Wakati wa mlipuko watu wengi huzikwa hivyo, na neno "hana Ebola" likiwa ndiyo ripoti nzima. Mimi naona huo ni uvivu uliovaa koti la usalama. Kule Madudu na Kiruma, wilayani Mubende, watu walikuwa wakifa tangu mwanzoni mwa Septemba, ikisemwa tu ni ugonjwa wa ajabu.

Daktari wa patholojia, anayechunguza maiti, anakaa naye kwenye benchi, hamharakishi. Mzee anataja wadogo wa marehemu: wawili wana homa. Halafu mwenyewe anauliza, "Mkimfungua, hao watapona?" Daktari hamwahidi. Anamwambia tutajua cha kuwatibu. Mzee anatia sahihi.

Saa 4. Ndani tuko watatu tu. Daktari anakata, mimi nashika vyombo, wa tatu anaandika akiwa mlangoni. Kipimo kimeondoa virusi vinne, hakijaondoa kifua kikuu, homa ya ini wala VVU. Kwa hiyo glovu jozi mbili, katikati glovu ngumu ya kuzuia kisu, barakoa ya N95, miwani. Kisu kimoja mezani, anayekata mmoja. Msumeno wa umeme hatuugusi, unarusha vumbi la mfupa hewani; na leo kichwa hatukihitaji.

Tumbo linajibu lenyewe. Usaha umejaa, bandama imekua, na mwishoni mwa utumbo mwembamba kuna tundu ambalo ncha ya kidole inapita. Daktari ananitazama juu ya miwani. Kasese hii hii, mwaka 2008 na 2009, tulikuwa na mlipuko wa taifodi uliotoboa watu matumbo hivi hivi. Vipande vya utumbo, ini na bandama vinaingia kwenye fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze, vingine kwenye chupa safi kwa ajili ya kuotesha bakteria.

Kuvua nguo za kinga ndiko ninakokuogopa kuliko kisu. Mwenzangu ananisomea kila hatua kwa sauti, nami sigusi kitu mpaka aseme.

Saa 7. Kikomando cha pale getini, chapati ya kukatwakatwa na maharage mengi. Silali.

Saa 8. Pikapu inaleta mwili wa mama aliyeshuka jana kutoka basi la Kagadi, akitapika damu. Huyu hafunguliwi. Kijiti kinywani, chupa ndani ya chupa ndani ya boksi, safari ya Entebbe. Mwili kwenye mifuko miwili iliyopuliziwa klorini. Ndugu zake ni Waislamu, wanataka kumwosha. Nawaeleza kwamba mmoja wa timu, akiwa amevaa kinga, atamtayamamia, yaani atampangusa kwa vumbi safi badala ya maji, na imamu atasimama mbali kidogo aone. Wanakubali. Kule Kassanda, jirani na Mubende, watu walifukua kaburi ili waoshe maiti wao, na naamini hakuna aliyekaa nao chini kwanza.

Saa 11. Daktari anampigia afisa wa afya wa wilaya. Wale watoto wawili wameshalazwa, wamechukuliwa damu na kuanzishiwa dawa ya taifodi bila kungoja majibu. Afisa anataka jina la kisima. Namuuliza mzee.

"Kisima kipi, mwanangu? Mtaa mzima tunachota Lhubiriha."

Naandika jina la mto kwenye fomu. Watu wa maji watakwenda kesho asubuhi.