Mradi wa Vipindi vya Wastoa: Epictetus Tayari, Marcus Anafuata

Katika mfululizo wangu kuhusu Wastoa, wanafalsafa wa kale waliofundisha kutulia mbele ya yasiyo katika uwezo wetu, kipindi cha Epictetus kimekwisha kurekodiwa, na kimekuwa kirefu kuliko nilivyopanga. Kiache kiwe hivyo. Wengi huanza na Marcus Aurelius kwa sababu alikuwa kaisari wa Roma, lakini kaisari huyo huyo anamshukuru mwalimu wake Rusticus kwa kumwazima maneno ya Epictetus. Basi mimi nimeanza na mtumwa.

Kilichonichosha ni mguu. Kwamba alikuwa mzee kiwete, kasema mwenyewe. Aliupataje ulemavu huo? Origen, mwandishi wa Kikristo wa kale, anamnukuu Celsus, mpinzani wa Wakristo: bwana wake alikuwa akimpinda mguu, naye akamwonya kwa utulivu kuwa utavunjika, ulipovunjika akasema, "Si nilikuambia?" Kamusi ya Suda, ya Wabizanti (Warumi wa mashariki) wa karne nyingi baadaye, inataja ugonjwa tu, wa aina ya baridi yabisi. Nimevisimulia visa vyote viwili bila kumpa yeyote ushindi, ingawa najua wasikilizaji watabaki na kile cha mfupa.

Habari ya taa ndiyo niliyoirekodi kwa raha. Mwizi alimwibia taa ya chuma. Epictetus akasema kesho atajipatia ya udongo, kwani mtu hupoteza alicho nacho. Alipokufa, anasimulia mwandishi Lucian kwa kejeli, mtu mmoja aliinunua ile ya udongo kwa drakma 3,000 (sarafu za Kigiriki), akitumaini kwamba akisoma usiku kwa mwanga wake hekima itamjia. Hapo nimeondoa muziki wote. Kejeli haihitaji ngoma.

Kingine nilichosisitiza: hakuandika chochote. Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma, Epictetus alihamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule, na mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyenakili masomo. Kati ya vitabu vinane, vinne vimetufikia.

Seneca, Mstoa mwingine, nimemsogeza mwisho. Tajiri mkubwa, mwalimu wa kaisari Nero, anayehubiri kuridhika na kidogo. Ngoja kwanza hasira zangu zipoe.

Rasimu ya Marcus, aliyetawala 161 hadi 180, imefika nusu. Naianzia kwenye vita dhidi ya Wakwadi, kabila la kale la Kijerumani, kando ya mto ambao leo ni Hron wa Slovakia, ambako alikuwa akijiandikia kwa Kigiriki. Maneno yake yanahitaji sauti isiyo yangu. Binamu yangu amekubali kuyasoma, kwa sharti kwamba majina yote ya Kigiriki niyatamke mimi.