Umepokea kwa Nani?

Ami yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Malindi, na simu yake ilikuwa ile ya tochi. Mimi nilikuwa nikifundisha historia kwenye tuisheni. Likizo moja niliwapeleka wanafunzi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, naye akafuatana nasi, nadhani kwa ajili ya upepo zaidi kuliko historia.

Nikawauliza: mwaka 1498 Mreno yule alipata hapa rubani wa kumvusha hadi Calicut, bandari ya India. Rubani huyo alikuwa nani? Binti mmoja, mwepesi kuliko wenzake, akachomoa simu ya mamake na jibu likatoka papo hapo: Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Uarabuni. Akafungua tovuti nyingine, na nyingine. Zote Ibn Majid.

"Imethibiti, mwalimu."

Ami akauliza kwa upole, "Hao wote, mwanangu, wamepokea kwa nani?"

Wenzake wakacheka. Lakini kwa mtu aliyesomea hadithi za Mtume, hilo si swali la mzaha. Kule neno haliji peke yake. Huja na isnadi, fulani kutoka kwa fulani, na akitokea mpokezi ambaye hakuwahi kukutana na anayemtaja, habari nzima hudhoofika. Mia wakimtegemea mmoja, ni mmoja.

Binti akarudi kwenye simu, safari hii akisoma polepole. Sentensi ilikuwa ileile kila mahali, hata kosa la tahajia: Calicut imepungukiwa na herufi moja pote. Wamenakiliana.

Tukaendelea na suala lile kwenye tuisheni. Shajara ya msafiri mmoja wa msafara wenyewe inataja rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi, wala haimwiti Ibn Majid. Barros, Mreno aliyeandika baadaye, anasema alikuwa mtu wa Gujarati, India. Jina la Ibn Majid linatoka kwa Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16, miongo kadhaa baada ya safari, naye anadai nahodha huyo alileweshwa ndipo akaonyesha njia! Mvulana mmoja alikasirika kwelikweli. Jina lile alilishika tangu shule ya msingi. Huyo hakunipa shida. Walionitia wasiwasi ni wale walioandika daftarini "si Ibn Majid", wakapiga mstari na kufunga.

Ami naye akanogewa, akawa anapita mara kwa mara. Jioni moja akaanza kuwasimulia habari ya twiga aliyetoka Malindi kupelekwa China mwaka 1415. Binti yule hakumwacha amalize.

"Na wewe, maalimu, umepokea kwa nani?"

Ami akakohoa. "Kwenye redio."

"Na redio?"

Nilitaka kumwokoa kwa kutaja taarikhi za enzi ya Ming, nikajizuia. Akaniomba simu yangu, akavaa miwani, na kumwambia binti amwonyeshe pa kuandika.